Kunasa TV kwa antena huku Nyanda za Juu Kusini: shughulika na mlima kwanza, busta baadaye

Kila mvua zikianza naulizwa swali lilelile, king'amuzi kinaandika hakuna signali ninunue busta (kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi) gani, na kila mara namwomba mtu asubiri kwanza hela ikae mfukoni. Huku kwetu Mbeya, Rungwe, Njombe mpaka Iringa shida kubwa mara nyingi sio nguvu ndogo ya mawimbi, shida ni kwamba antena yako haioni mnara kwa sababu kuna mlima, kilima, miti au bati katikati, na busta haiwezi kutoboa mlima.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Enzi za analojia ulikuwa unasogeza antena unaona chenga zinapungua, unajua hapa naelekea kuzuri, unaendelea hivohivo mpaka picha inatulia. Dar walizimiwa analojia tarehe 31 Desemba 2012, Mbeya zamu yetu ikafika 2013, na toka hapo chenga zikaisha na kile kipimo cha macho kikaisha nazo. Dijito picha inakuja safi kabisa au haiji kabisa, katikati pale kuna kaeneo kadogo tu ambako picha inaganda, inakatika miraba miraba na sauti inaruka. Kwa hiyo unaweza kuwa umebakiza kidogo sana kupata na usijue, ukakata tamaa ukashuka juu ya paa. Dawa yake ni kusoma ile mistari miwili iliyopo kwenye menyu ya king'amuzi, sehemu ya kutafuta chaneli, mmoja ni nguvu na mwingine ni ubora. Karibu watu wote wanaangalia ule wa nguvu. Achana nao, angalia UBORA. Nguvu inaweza kusoma 90 na picha isiwepo kwa sababu kinachopimwa pale ni kila kitu kilichoingia kwenye waya pamoja na kelele, ila ubora ndo unakwambia king'amuzi kimeelewa kiasi gani.

Pili hakikisha king'amuzi chenyewe ni cha antena. StarTimes na Azam wote wana vya aina mbili, vya dishi na vya antena, na kwa sura vinafanana sana, nimeshakutana na watu wamehangaika wiki nzima na antena kumbe wamenunua cha dishi. Kigeuze usome nyuma au kwenye boksi, kikiandikwa DVB-T2 ni cha antena, kikiandikwa DVB-S2 ni cha dishi basi. Na kama TV yako ni bapa ya miaka ya karibuni angalia kwenye kitabu chake, nyingi zina T2 ndani kwa ndani, unachomeka antena moja kwa moja na chaneli za bure ambazo hazijafungwa zitaonekana bila king'amuzi.

Haya sasa mlima. Mawimbi ya TV ya dijito yanatembea kwenye masafa yanayoitwa UHF, kuanzia megahezi 470 hadi 694, na haya yanapenda kwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Mnara ukikaa juu mita 900 kukuzidi wewe unaweza kukufikia hata ukiwa kilomita 100 endapo hakuna kitu katikati, lakini mtu aliyeko kilomita 6 nyuma ya kilima akakosa kabisa. Ndo maana utakuta mtu wa mbali huko juu kwenye mwinuko anaangalia vizuri tu na wewe uliyeko bondeni karibu na mji unalia.

Kujua mnara uko upande gani njia ya uhakika ni kuangalia antena za majirani ambao picha yao inakaa, sio jirani mmoja, angalia watatu wanne. Pale Mbeya mjini watu wakiona minara juu ya Loleza wanaelekeza tu huko, na Loleza kweli ni mrefu, mita 2,656 wakati mji uko kwenye mita 1,700 hivi, ila kuona mnara haitoshi kwa sababu minara mingi ni ya simu, hivyo waulize majirani kwanza. Wakati uko kwa jirani angalia pia vijiti vya antena yake vimelala au vimesimama. Vikilala na wewe laza, vikisimama na wewe simamisha, ukikosea hapo unapoteza sehemu kubwa sana ya mawimbi bila sababu. Afu mwombe akufungulie menyu uandike namba ya masafa inayoshika kwake, hiyo namba ni dhahabu, ntaeleza kwa nini.

Antena yenyewe kama uko sehemu inayoona mnara wazi hata ya ndani inaweza kutosha, ila ukiwa chini ya bati ujue bati linarudisha mawimbi, kwa hiyo iweke dirishani au itoe nje. Ukiwa mbali chukua ya nje ile ndefu yenye vijiti kama mifupa ya samaki, na upande wa vijiti vifupi ndo mbele, ndo unaoelekea mnarani, ule wenye wavu au kijiti kirefu ni mgongo. Nimeona zimefungwa kinyumenyume zaidi ya mara moja.

Sasa ngoja nieleze ilivyokuwa kwa mama mdogo wangu, maana pale nilijifunza kuliko sehemu yoyote. Nyumba yake iko bondeni upande wa Igawilo, nyuma ya nyumba kuna kilima kina mikaratusi na mnara uko upande huohuo wa kilima. Fundi alishakuja akafunga antena ukutani kabisa nyuma ya nyumba, ile sehemu iliyo karibu zaidi na mnara, akaweka na busta ndani nyuma ya TV. Nilivofungua menyu nguvu ilikuwa 92 na ubora unacheza 0 na 12. Mama mdogo alikuwa ameshalipia kifurushi na taarifa ya habari ya saa mbili usiku anaenda kuangalia kwa jirani.

Nikafungua antena nikaifunga kwenye mwanzi mrefu, nikaunga waya wa kutosha, nikaanza kutembea nayo uwanjani. Mdogo wangu akabaki ndani, tukapigiana simu ya video akaiweka mbele ya TV ili mistari niione mwenyewe, hii naipendekeza kuliko kupiga kelele za imepanda imeshuka. Tukaingiza ile namba ya masafa ya jirani kwenye kutafuta kwa mkono, kwa sababu ukifanya hivo mistari inaonyesha papo hapo bila kusubiri king'amuzi kizunguke chaneli zote. Nikawa nageuza kidogo, nasimama, nahesabu mpaka tano, maana king'amuzi kinachukua sekunde kadhaa kukamata, ukizungusha harakaraka unapita juu ya sehemu nzuri na hutajua. Ukutani pale hakuna kitu hata nigeuze vipi. Nikarudi nyuma kuelekea kwenye migomba, yaani NAKIMBIA mnara, na ubora ukaanza kupanda, 20, 31, nikafika kona ya mwisho ya shamba kama mita 25 kutoka kilimani ukasoma 58 na picha ikatokea. Mdogo wangu akasema kaka hapohapo usitikisike.

Watu wanashangaa lakini sababu yake iko wazi. Ukikaa chini kabisa ya kilima uko kwenye kivuli kizito, mawimbi yanapita juu ya kichwa chako. Yakigusa kilele yanapinda kidogo tu kushuka, kwa hiyo ukirudi nyuma unakutana nayo. Mtu wa bondeni kabla hajainua bomba la mita sita ajaribu kona zote za kiwanja kwanza. Na usiogope kusogea hatua moja moja, kwenye megahezi 500 wimbi moja lina urefu wa sentimita 60, yakigonga bati na kuta yanarudi yanakutana na mengine yanaongezana au yanauana, hivyo nusu hatua inaweza kukupa au kukunyima.

Njia nyingine niliyojaribu pale ni kuupa mnara mgongo kabisa nikaelekeza kwenye kilima cha ng'ambo ya bonde. Ikasoma 40. Mawimbi yanagonga kilima cha ng'ambo yanarudi, na dijito ya T2 inavumilia mwangwi wa hivo vizuri tu, sio kama analojia iliyokuwa inaleta picha mbilimbili. Kwa mama mdogo haikuhitajika ila kuna nyumba za bondeni kabisa njia pekee ni hiyo, ijaribu kabla hujaamua kuhamia dishi.

Baada ya hapo ndo tukaongelea busta. Waya kutoka ile kona mpaka sebuleni ulikuwa kama mita 30, na waya mzuri wa antena, aina ya RG6, ukifika mita 15 mpaka 20 unakuwa umeshakula nusu ya nguvu, kwa hiyo busta ilikuwa na kazi ya kufanya, ila sio nyuma ya TV. Busta inakaa JUU, karibu kabisa na antena, iongeze mawimbi yakiwa bado masafi kabla waya haujayala. Ukiiweka mwisho wa waya inaongeza mawimbi na kelele kwa pamoja, ndo ile nguvu 92 ubora sifuri. Tukaihamishia mlingotini, ubora ukafika 66 ukatulia. Jioni ile mama mdogo kaangalia taarifa ya habari kwake mwenyewe, ananiambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mwanangu, nikaona saa zile za kuzunguka kwenye migomba hazikupotea.

Antena au busta inayotumia umeme wa king'amuzi inahitaji uende kwenye menyu uwashe umeme wa antena, volti 5, watu wengi wanasahau wanasema busta mbovu. Kama antena yako ni ya vijiti tu haina busta uzime. Na kama unaona mnara kwa macho au uko jirani na mnara wa simu usiweke busta kabisa, itazidiwa na ubora utashuka badala ya kupanda.

Konekta zinaua kazi nzuri kuliko kitu chochote. Kata ganda la nje la waya kwa wembe taratibu, ule wavu wa nyuzi ukunje wote urudi nyuma juu ya ganda, afu menya ule ugozi mweupe ubaki waya wa katikati unaochungulia milimita chache tu nje ya konekta. Kabla ya kukaza angalia kwa mwanga, uzi mmoja tu mwembamba wa wavu ukigusa waya wa katikati umemaliza, hupati kitu na utalaumu antena. Ukigawa TV mbili kwa kigawanyio kila upande unapata chini ya nusu, kwa hiyo hakikisha ubora una akiba kabla hujagawa.

Na mvua. Mvua yenyewe haisumbui mawimbi ya antena kama inavosumbua ya dishi, sasa kama picha yako inapotea kila ikinyesha na unatumia antena basi jua ni maji yameingia kwenye konekta, au mlingoti unayumba, au majani. Hapa kwetu majani ni jambo kubwa, mikaratusi na mipaini ikilowa inanyonya mawimbi sana, watu wa Mafinga na Njombe wanalijua hili. Ukifunga antena kiangazi ukapata ubora wa kubahatisha tu, Januari utakosa, kwa hiyo tafuta sehemu yenye akiba au pitisha antena pembeni ya miti. Konekta ya nje izungushie tepu vizuri, afu juu yake kata ukanda wa mpira wa tairi la ndani la baiskeli uvute uzungushe kwa kubana kutoka chini kwenda juu, maji hayaingii. Na waya kabla haujaingia ukutani uache ulegee uning'inie chini kidogo ili maji yadondokee hapo yasifuate waya mpaka ndani.

Radi za huku sio za kuchezea jamani. Kuzima TV swichi haitoshi, anga likianza kunguruma kwa mbali chomoa umeme NA chomoa waya wa antena kwenye king'amuzi, uweke mbali. Usichomoe radi ikiwa tayari juu ya kichwa. Mlingoti wa chuma uchimbiwe eathi (waya wa kushusha umeme wa radi ardhini), usisimame karibu na nyaya za umeme hata ukianguka usizifikie, na bati likiwa na umande asubuhi usipande, subiri jua likauke.

Mwisho kabisa ndo unafanya utafutaji wa chaneli zote, usiufanye mwanzoni antena ikiwa haijakaa maana king'amuzi kitahifadhi kile kilichokiona tu na utadhani chaneli nyingine hazipo. Ukishaona zimetulia kaza nati, afu chukua rangi ya kucha au ya mlango upige mstari mmoja unaoshuka kutoka kwenye kibano cha antena mpaka kwenye bomba. Siku upepo ukiigeuza unapanda, unakutanisha mstari, unashuka.