Kuinua pikapu isiyo na chesi uani kwako: tafuta kwanza chuma kizima

Jirani yangu hapa Kisauni, Mombasa, alinunua pikapu ndogo, na breki zilipoanza kulia akaamua kubadilisha padi mwenyewe. Akaja kuazima jeki. Nikamuuliza, "Utaiweka wapi?" Akanijibu, "Si pale kwenye chesi, ami." Nikacheka, maana gari lake halina chesi. Tukaenda kulala chini wote wawili na tochi nikamwonyesha, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyomwambia siku ile, pamoja na machache aliyoniuliza baadaye.

Hilux, D-Max au Ranger ina reli mbili nene za chuma kutoka mbele hadi nyuma, ndizo chesi, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Jeki ukiitia popote kwenye reli hizo, gari litainuka. Lakini ziko pikapu zilizoundwa kama gari dogo: sakafu, kuta na nguzo za milango zimechomelewa pamoja na ndizo zinazobeba kila kitu. Nissan NP200 iliyotengenezwa Afrika Kusini hadi 2024 ni ya aina hiyo, na kule Marekani zipo Honda Ridgeline, Ford Maverick na Hyundai Santa Cruz. Probox na Noah zinazojaa barabara zetu ni hivyo hivyo, kwa hiyo mwenye Probox naye asome. Gari la namna hii ni kama kasha la mbao: nguvu yake iko kwenye pembe na maungio. Ubao wa katikati ukiusukuma kwa nguvu utauvunja. Hapa ubao wenyewe ni bati la sakafu, jembamba, na jeki hulipenya au kulibonyeza hadi ndani kwenye zulia.

Vifaa

Jeki ya troli, ile yenye magurudumu, ya tani 2 inatosha kwa pikapu ndogo tupu, kwa sababu unainua upande mmoja tu kwa wakati. Ukiwa na ya tani 3, vizuri zaidi. Ile jeki ya mkasi iliyokuja na gari ni ya kubadilishia tairi barabarani, si ya kazi ya uani. Stendi mbili, vile vyuma vya kuegeshea gari likishainuliwa, zenye uzito zinaoweza kubeba ulioandikwa ubavuni, wili spana, tochi, bisibisi bapa, vipande vinne vya mbao vilivyochongwa kama kabari, na mbao mbili pana za kuweka chini.

Stendi za pini, zinazozuiwa kwa pini iliyopita katikati, nazipenda kuliko zile za meno zinazoshikwa na ulimi. Mwaka 2020 duka moja kubwa la vifaa huko Marekani liliwaita wateja warudishe stendi za meno kwa wingi, kwa sababu ulimi wake uliweza kuteleza na stendi ikashuka ghafla. Ukiwa na za meno, zipige kidogo kwa mkono baada ya kuziweka uone kwamba ulimi umeingia sawasawa. Za kuchomelewa mtaani zisizo na uzito wowote ulioandikwa, mimi silali chini yake, hata kama mchomeleaji ni rafiki yangu.

Na mawe? Nilipokuwa mwanagenzi tuliegesha magari juu ya matofali ya mawe ya matumbawe, yale yale ya kujengea nyumba, kwa kuwa yamejaa kila mahali. Siku moja jiwe likapasuka katikati kama mkate wa mofa. Halikutoa ishara yoyote, wala halikulia kwanza. Bahati nzuri mwenzangu alikuwa ametoka kwenda kunywa kahawa. Jiwe la matumbawe lina matundu ndani, na tofali la saruji lenye uwazi ni vivyo hivyo: hubeba uzito uliotandazwa, lakini ncha moja ya chuma hulipasua. Tangu siku hiyo sijalitumia.

Hatua ya 1: mahali

Sakafu ya zege iliyo sawa ndiyo bora. Wengi wetu hatuna. Tuna kabro, yale matofali ya kutandika uani, au mchanga wa Pwani, au vyote viwili, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua sababu. Mkono wa jeki ya troli haupandi wima. Unapopanda, kichwa chake huchora upinde kuelekea nyuma. Kwa hiyo jeki lazima ibiringike kidogo chini ya gari kadiri unavyoinua. Kigurudumu kikinaswa kwenye ufa wa kabro au kikizama mchangani, jeki haiwezi kusogea, na kichwa chake ndicho kinachoteleza kwenye chuma. Tandika ubao mpana wa plaiwudi, milimita 18 au zaidi, jeki ibiringike juu yake. Miguu ya stendi nayo iwe juu ya ubao mwingine, ama sivyo itadidimia upande mmoja ukiwa umeshaingia chini. Mbao za mwembe ni laini kuliko za mbambakofi. Nikipata kipande cha mbambakofi kilichobaki kwa seremala, nakihifadhi.

Mteremko wowote unaoonekana kwa macho ni mkali mno. Na tray, ile sehemu ya nyuma ya mizigo, iwe tupu. Magunia ya nyuma yatabadilisha mizani ya gari lote.

Hatua ya 2: kutu

Hapa usiwe na haraka, hata ukipoteza nusu saa.

Lala ubavuni mwa gari umulike chini ya mlango. Utaona ukingo mrefu wa bati mbili zilizobanwa na kuchomelewa pamoja, umening'inia kama upindo wa shuka. Tuuite upindo. Nyuma kidogo ya tairi la mbele, na mbele kidogo ya tairi la nyuma, upindo huwa na mapengo mawili madogo. Kati ya mapengo hayo kampuni imeongeza bati la ndani la kuimarisha. Hapo, na kwenye sehemu chache nyingine zilizochorwa kwenye kitabu cha gari, ndipo mahali pa jeki na stendi. Kwingineko kote kwenye upindo bati ni jembamba.

Sasa, mchoro wa kitabu ulichorwa gari likiwa jipya. Letu limekaa miaka karibu na bahari. Hewa ya chumvi huingia ndani ya kizingiti, yaani ule ubavu wa chini ya mlango wenye upindo, mchanga huziba vile vitundu vya kutolea maji, masika yakija maji hukaa humo, na chuma huliwa kutoka ndani kuja nje. Unapokiona kipovu cha rangi kwa nje, ndani kumeshakwisha. Tena magari mengine hutoka Japani yakiwa tayari na maradhi hayo, hasa yaliyotumika kaskazini kwenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke.

Geuza bisibisi, piga kwa mpini kuanzia katikati ya kizingiti kwenda kwenye mapengo. Chuma kizima hulia kikavu, ti, ti. Kilichooza hujibu kwa sauti nzito kama ya kadibodi. Penye shaka, sukuma kwa ncha ya bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikibonyea au ikizama, hapo si mahali pa kuwekea kitu. Usidanganywe na lami nyeusi iliyopakwa upya chini ya gari lililo sokoni; wengine hupaka ili kulinda, wengine ili kuficha, na bisibisi haijali nia ya mpakaji.

Gari la jirani yangu lilikuwa zima pande tatu. Ya nne, nyuma kushoto, bisibisi ilizama hadi nusu. Angeweka jeki pale.

Ukikuta hivyo, usiinulie hapo. Peleka gari kwa mchomeleaji akate bati bovu lote hadi afike kwenye chuma safi, kisha aweke jipya. Kubandika kiraka juu ya kutu ni kuificha tu.

Hatua ya 3: zuia matairi yanayobaki chini

Watu hutia handibreki wakadhani wamemaliza. Jiulize: handibreki inashika matairi gani? Kwenye magari haya karibu yote ni ya nyuma. Ukiinua nyuma, handibreki imeshika matairi yaliyo hewani, haikusaidii. Na kwa gari linalovutwa na matairi ya mbele, gia, au ile P ya gari la otomatiki, hushika ya mbele tu. Ukiinua mbele, imekwisha kazi. Hata tairi moja tu la mbele likiwa hewani, difu, ile gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili, huliacha lizunguke na gari likapata nafasi ya kusogea.

Kwa hiyo tia handibreki, tia gia ya kwanza au P, kisha kabari mbele na nyuma ya kila tairi litakalobaki chini. Kokoto haitoshi.

Hatua ya 4: legeza nati

Kama tairi litatoka, legeza nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Usivute wili spana kwa nguvu gari likiwa juu ya stendi.

Hatua ya 5: inua mbele

Mwanafunzi makini atauliza: jeki nikiiweka kwenye mapengo, stendi nitaiweka wapi? Ndilo fumbo la magari haya. Jibu ni kutafuta mahali pengine pa jeki. Mbele, chini ya injini, kuna chuma kinene kinachokatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine, mfano wa mtambaapanya wa nyumba. Mafundi hukiita krosimemba. Kitabu cha gari kikikuruhusu kuinulia hapo katikati, umepata: jeki katikati, stendi mbili kwenye mapengo ya kushoto na kulia. Hakikisha tu ni krosimemba kweli, si sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, wala gia boksi. Sampu ni bati au aluminiamu. Itapasuka na oili itamwagika yote kwenye kabro.

Kama gari lako halina mahali hapo, inua kwenye mapengo ya upande mmoja, stendi uiweke pale mikono inayoshika tairi la mbele inapofungwa kwenye krosimemba, kisha nenda upande wa pili. Panda kidogo kidogo, upande huu kisha ule. Bodi ya kasha haipendi kupindwa.

Kichwa cha jeki kisiguse upindo moja kwa moja, kitaulaza. Chukua kipande cha mbao ngumu, kata mfereji, upindo uingie humo na uzito ukae kwenye bati pana la pembeni. Mfereji uukate ukikingama na nyuzi za mbao. Ukiufuata mwelekeo wa nyuzi, mbao itapasuka hapo hapo. Raba nene iliyokatwa kwenye tairi kuukuu nayo hufaa. Kitabu kikisema gari lako hubebwa na upindo wenyewe, fuata kitabu.

Kabla ya kupiga jeki ambayo imekaa muda, fungua vali, piga mkono mara kadhaa bila uzito ili hewa itoke, kisha funga. Inua polepole huku ukiangalia mambo mawili: kichwa cha jeki hakitelezi, na kabari za nyuma zimekaa. Milango iwe imefungwa.

Hatua ya 6: stendi, kisha tikisa

Weka stendi zote mbili kwa kimo kimoja. Teremsha jeki pole hadi uzito ukae kwenye stendi, kisha ipandishe tena iguse tu chuma bila kubeba. Iache hapo. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya kizingiti.

Sasa simama, shika bodi, lisukume gari kwa nguvu ubavuni na mbele. Usione haya. Likitaka kuanguka, lianguke ukiwa nje. Likicheza au ubao ukilia, shusha uanze upya.

Halafu angalia watoto na paka. Paka wa Mombasa hupenda kivuli cha gari kuliko mwenye gari, na mtoto atakayefuata mpira hatakupigia hodi. Mwambie mtu wa nyumbani kwamba uko chini.

Ukitaka nyuma nayo

Nyuma ya pikapu tupu ni nyepesi na hupanda upesi, usije ukapitiliza. Boriti inayounganisha matairi mawili ya nyuma usiisukume katikati isipokuwa kitabu kimeruhusu. Imeundwa ijipinde, haikuundwa kubeba gari. Ukiinua nyuma huku mbele kuko juu ya stendi, gari huzunguka juu ya stendi zile na stendi zenyewe huweza kuinama. Kwa hiyo pandisha kidogo, nenda mbele ukaangalie, rudi. Na ukitoa injini au gia boksi, mizani yote inabadilika. Hiyo ni kazi ya siku nyingine.

Kushusha

Inua kidogo, toa stendi, angaza macho chini uone hakuna spana wala paka, kisha fungua vali robo tu. Gari likiwa chini, kaza nati kwa mtindo wa nyota, yaani moja kisha iliyo mkabala nayo. Gari ndogo nyingi za Toyota hutaka nati zikazwe kwa nguvu ya Nm 103 (kipimo cha spana ya toki). La kwako liangalie kitabuni. Zikaze tena baada ya safari fupi. Ukielekea Kilifi, ni kama kilomita 60, zikaze ukifika.

Jeki iteremshe hadi mwisho kabla ya kuiweka stoo. Pistoni ikibaki nje, hewa ya chumvi huitia kutu, na kutu hiyo hukata raba za ndani ukiipiga mara ya kwanza. Ya kwangu bado iko kwa jirani, natumaini ameiteremsha.