Ukitokea kwenye rock, iingie jazz fusion kwa besi

Shabiki wa rock akiwekewa fusion, yaani jazz iliyochanganywa na rock, kwa mara ya kwanza, hulikimbilia gita la solo. Gita lenyewe linakwenda kasi, halirudi kwenye kiitikio, hakuna mwimbaji wa kulipokea. Dakika ya nne mtu anazima. Mimi napiga besi kwenye bendi ya hoteli hapa Dar, kwa hiyo utanijua navutia upande gani: mwache mcharaza gita aende zake, wewe fuata besi.

Kwanza sauti. Spika ya simu haitoi besi. Utaambulia drams zinazokwaruza na kinanda kinachopiga kelele. Tafuta sabufa au hedifoni nzuri. Pakua nyimbo mapema pia, maana ni ndefu na bando likikata katikati utamu umekwisha.

Anza na "Stratus" ya mpiga drams Billy Cobham, kwenye albamu yake Spectrum ya 1973. Ilirekodiwa Electric Lady, New York, studio ya Jimi Hendrix, na gita kalicharaza Tommy Bolin, ambaye mwaka 1975 aliingia Deep Purple. Kwa hiyo hapa bado uko nyumbani. Dakika kama tatu za mwanzo ni drams na milio ya sintesaiza ya Jan Hammer. Usiruke mbele, ukiruka hutaelewa besi inapoingia imeleta nini. Lee Sklar anaingia na mstari mmoja mfupi na kuung'ang'ania. (Kama unahisi unaujua, huenda uliusikia kwa kundi la Massive Attack, waliouchukua mwaka 1991.) Uimbe kwa mdomo, kwa sauti, jirani na asikie. Solo ya Bolin ikianza, wewe endelea kuimba besi. Ukiweza kufika nayo mwisho bila kuipoteza, rudia wimbo, na safari hii msikilize Bolin. Utaona anaikimbia besi huku akijua kabisa ilipo.

Ukishazoea, hamia kwa mpiga tarumbeta Miles Davis: "Right Off", wimbo wa karibu dakika 27 uliotoka 1971 kwenye muziki wa filamu kuhusu bondia Jack Johnson. Usiogope urefu, somo liko mwanzoni. John McLaughlin anacharaza mdundo ambao bendi yoyote ya rock ingeupiga, ufunguo (noti ya msingi) ni E, Cobham yuko kwenye drams, na besi anayo Michael Henderson, kijana aliyetoka kwa Stevie Wonder. Ikipita dakika ya pili, McLaughlin anapunguza sauti na kuhamia B-flati. Henderson hahami, yeye kabaki E. Kwenye bendi yetu hapo tungeanza kutupiana macho, na kiongozi angekuwa na maneno yake baada ya shoo. Miles ndio kwanza anaingia na tarumbeta juu ya mgongano huohuo, kwa D-flati, noti inayokubalika kwenye E na kwenye B-flati pia. Rudisha nyuma, sikiliza tena. Kama una gita, mwambie mwenzako ashikilie E kwenye besi, wewe piga B-flati juu yake. Itakwaruza masikio. Sasa iongeze D-flati, usikie inavyowapatanisha.

Baada ya hapo ni hesabu, na hapa ndipo watu wa rock wanapokwama kwa sababu miguu yao imezoea mapigo manne. Chukua "Ostinato" ya mpiga kinanda Herbie Hancock, kwenye albamu Mwandishi ya 1971. Enzi hizo yeye na wenzake walijipa majina ya Kiswahili. Mzunguko wa wimbo huo una mapigo 15. Usihesabu moja mpaka kumi na tano, utachoka bure. Hesabu nane, kisha saba, ukigonga meza kila unaporudi kwenye moja. Utahisi moja inakuwahi. Ni sawa, iache ikuwahi. Buster Williams kwenye besi na Bennie Maupin kwenye klarineti ya besi wanapiga mstari uleule, kwa hiyo ukipotea wasubiri watakupitia. Gita humo ni la Ronnie Montrose, ambaye baadaye aliunda bendi ya rock yenye jina lake, na mmoja wa wapiga drams ni Leon "Ndugu" Chancler, huyohuyo aliyekuja kupiga "Billie Jean" ya Michael Jackson. Mpiga drams wetu bado anabisha kwamba si mtu mmoja.

Ukitaka kupumua, weka albamu Blow by Blow ya mcharaza gita Jeff Beck, 1975, iliyosimamiwa na George Martin, yule wa Beatles. Haihitaji maelekezo.

Wengi watakwambia uanze na Mahavishnu Orchestra ya McLaughlin. Birds of Fire ya 1973 naipenda sana, ila kumpa mgeni albamu hiyo siku ya kwanza ni kumfukuza. Iweke mwisho, na ukiifikia, mtafute kwanza Rick Laird kwenye besi. Wenzake wanne wanarushiana noti kama wamegombana. Yeye kashika mstari wake na hana haraka na mtu.