Somo: Kuezua na kuezeka upya nyumba ya pwani kabla upepo haujakuezulia

Paa la kwanza kunipotea nililipiga mwenyewe. Lilikuwa la jiko la mama mkwe wangu kule Msimbati, Mtwara, bati kumi na mbili tu. Asubuhi baada ya upepo tukalikuta limelala kifudifudi kwenye mikorosho ya jirani. Bati zote zilikuwa bado zimeshika papi zake (mbao zinazopigiliwa bati), hakuna msumari wa bati hata mmoja uliolegea. Kilichoachia ni papi kwenye kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Misumari ya inchi tatu ilikuwa imetoka mizima, imenyooka, kama meno ya mtoto. Mama mkwe akazunguka lile paa mara moja, akaniuliza, "Mwanangu, kumbe ulinijengea mwavuli?"

Tangu siku hiyo, nikiitwa kukagua paa siangalii bati kwanza. Naangalia bati limeshika nini, na kilichoshikwa nacho kimeshika nini, mpaka nifike ukutani. Upepo hutafuta fundo lililo legevu kuliko yote, na kwa nyumba nyingi za huku fundo hilo liko kati ya kenchi na ukuta, mahali ambapo mwenye nyumba haoni kwa sababu pameshafunikwa na silingi bodi.

Hesabu kidogo, kwa wale wanaosema "bati zito haliruki". Upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukuma kwa nguvu inayokaribia kilo 48 kwa kila mita moja ya mraba. Ni kama mfuko mmoja wa saruji. Kwenye kona na kingo za paa nguvu ya kufyonza kwenda juu inaweza kufika mara mbili ya hapo. Bati la geji 30 (geji ni kipimo cha unene) lenyewe halifiki kilo tatu na nusu kwa mita ya mraba. Na upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Kwa hiyo uzito wa bati sahau kabisa, kinacholishika paa ni vifungo.

Na tusijidanganye kwamba vimbunga ni vya wenzetu. Kimbunga cha Aprili 1952 kiliingia pwani hii hii ya kusini. Kenneth ya Aprili 2019 ilitupitia pembeni ikaipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma. Hidaya ya Mei 2024 ilielekea Mafia, ila mvua yake ilikata barabara ya Dar kwenda Lindi, na waliokuwa wanasubiri bati kutoka Dar wakasubiri.

Hatua ya 1: Msimu

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Hela ya korosho inaingia kuanzia Oktoba na kuendelea, na mvua nazo zinaanza Novemba au Desemba. Mtu anapata hela, anaezua, mvua inamkuta kitanda kiko nje. Mimi nashauri ununue vifaa hela ikiingia, uvihifadhi, uezeke Agosti au Septemba, kusi ikiwa imepungua na mvua bado iko mbali.

Ukihifadhi bati, usizilaze chini. Ziegemeze ukutani juu ya mbao, ndani, pakavu. Bati zilizolazwa pamoja zikaingia maji katikati hutoa ungaunga mweupe, na ule ungaunga ndio zinki yako inayoliwa kabla bati halijapanda juu.

Hatua ya 2: Ezua kwa vipande

Usiezue nyumba nzima siku moja kwa sababu fundi ana vibarua wengi. Anza upande mmoja, funga, hamia mwingine. Kazi ya kupandisha bati iishe kabla ya saa tano asubuhi, kwa sababu mchana upepo wa baharini ukishika, bati moja refu mikononi mwa kibarua ni tanga lenye makali. Bati lililotolewa lifungwe kamba hapo hapo, lisiachwe limelala juu ya paa.

Ukishaezua, chukua bisibisi uchome mbao zote, hasa ncha za kenchi zinazokaa ukutani. Ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, hiyo mbao ni ya kuni.

Hatua ya 3: Ukuta (msiruke hapa)

Kama nyumba ina mkanda wa zege juu ya ukuta, ule tunaouita ringi bimu, na uliachiwa nondo au bolti za kushikia wolpleti (mbao inayolala juu ya ukuta kubeba kenchi), shukuru Mungu uendelee na hatua ya 4. Wengi hamna.

Njia nzuri: toa kozi mbili za juu za tofali, funga nondo nne za milimita 12 zenye ringi za milimita 8, mimina zege, na kila baada ya mita moja acha bolti au nondo iliyopindwa chini kama ndoano. Kwenye kona weka mbili. Wolpleti inakaa juu yake na kukazwa kwa nati na wesha pana.

Hela haitoshi? Toboa ukuta kozi ya nne kutoka juu, pitisha waya mnene wa mabati, uzungushe juu ya wolpleti, usokote mpaka ulie. Fanya hivyo penye kila kenchi. Hapo kabla paa halijaondoka, upepo unatakiwa unyanyue na kozi nne za tofali. Usitumie ile waya nyeusi ya kufungia nondo, kwa chumvi ya huku hiyo inaweza kukatika ndani ya miaka michache.

Hatua ya 4: Kenchi na papi

Mwinuko. Paa lililolala sana hufyonzwa zaidi. Nyuzi 30 zinafaa, maana yake kila mita moja ya kulala kutoka ukutani kwenda katikati, paa linapanda kama sentimita 58. Ukingo unaotokeza nje ya ukuta usizidi sentimita 45. Najua kivuli kinapendeza, ila ukingo mrefu ni mkono unaompa upepo pa kushikia.

Kila kenchi ifungwe kwenye wolpleti kwa mkanda wa bati nene au waya wa mabati, pande zote mbili. Msumari uliopigwa kutoka juu kwenda chini unang'oka kirahisi ukivutwa juu, hata uwe wa inchi sita. Kenchi zifungwe zenyewe kwa zenyewe kwa mbao za mshazari, zisije zikaangukiana kama karata.

Papi: katikati ya paa ziachane sentimita 90, kingoni na karibu na kofia (bati la kufunika kilele cha paa) sentimita 60 au pungufu. Papi na kenchi nazo zifungwe kwa mkanda au waya, si msumari peke yake. Hapo ndipo mwavuli wa mama mkwe ulipofunguka.

Hatua ya 5: Bati lenyewe

Geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Geji 32 niachieni ya banda la kuku. Karibu na bahari chukua geji 28, ikishindikana 30 ya kiwanda kinachoeleweka. Jembamba sana kichwa cha skrubu hubaki kwenye papi, bati likapita juu yake kama kitenge kwenye mwiba.

Bati za alumini na zinki hazitaki saruji mbichi. Fundi akikoroga chokaa ya kuziba juu ya bati, baada ya muda panatoboka. Na kata kwa mkasi wa bati, si kwa grinda. Cheche za grinda huunguza rangi, na ule unga wa chuma ukibaki juu unashika kutu usiku mmoja, kesho bati jipya lina madoa kama ndui.

Hatua ya 6: Kupiga

Kusi inatoka kusini-mashariki, kaskazi inatoka kaskazini-mashariki. Zote mbili zina mashariki ndani yake. Kwa hiyo, kama nyumba yako imelala mashariki-magharibi, anza kupiga bati upande wa magharibi uje mashariki, ili kila bati jipya lilalie la nyuma yake na mdomo wake uangalie magharibi, upepo usiingie chini. Bati zilaliane mgongo mmoja na nusu, na zaidi ukiweza. Zikiungana kwa urefu, sentimita 20.

Lakini usitegemee hilo peke yake. Upepo wa kimbunga huku kusini mwa ikweta huzunguka kama mshale wa saa. Kikipita kusini yetu, Msumbiji, upepo unaweza kugeuka ukatupiga kutoka bara. Kikipita kaskazini, Mafia au Kilwa, unatupiga kutoka baharini. Kwa hiyo kila ukingo ni ukingo wa mbele.

Tumia skrubu zenye raba badala ya misumari. Kwenye kingo zote nne na karibu na kofia, piga kila mgongo. Katikati, mgongo mmoja piga, mmoja ruka. Piga juu ya mgongo, si bondeni penye maji. Kaza mpaka raba ivimbe kidogo, ikitapakaa pembeni umezidisha. Kama ni misumari tu ndiyo iliyopo, chukua iliyosokotwa, ndefu, itokeze chini ya papi, na mtu aingie ndani aikunje ncha moja moja. Kibarua atalalamika. Mwongeze hela ya chai.

Kofia ipigwe pande zote mbili kila mgongo, na ubao wa ukingoni ubane mdomo wa bati usibaki wazi. Basi.

MASWALI

Mdau wa Mitwero, Lindi: Fundi, kwetu tunaweka mawe na matairi juu ya bati na paa halijawahi kuruka. Kuna ubaya gani?

Mkuu, rudi kwenye kilo 48. Tairi kuukuu lina kilo ngapi? Kwa upepo wa kawaida linazuia bati kugonga-gonga, sikatai. Upepo mkali ukija, tairi na jiwe vinageuka kombora kwa jirani. Na chini ya jiwe panakaa unyevu na chumvi, bati linaoza hapo kwanza.

Dada wa Naliendele: Shikamoo fundi. Nyumba yangu ni ya miti na udongo, bati za migongo midogo, zimepigwa misumari tu. Nina laki moja na ushee. Nianzie wapi?

Marahaba mwanangu. Usinunue bati hata moja. Nunua waya wa mabati na skrubu. Anza na kona nne: funga kenchi kwenye nguzo ya mti iliyosimikwa ardhini, si kwenye fito. Kisha kenchi zilizobaki, nguzo kwa nguzo. Hela ikibaki, ongeza skrubu kwenye kingo, kila mgongo. Katikati pasubiri mwakani. Na kabla ya kufunga, chimba kidogo chini ya nguzo uangalie mchwa, usije ukafunga paa kwenye mti uliokatika.

Mjumbe wa Kilwa Masoko: Baraza langu limeunganishwa na paa kubwa, bati moja refu linashuka mpaka nje. Ni sawa?

Si sawa, bwana. Baraza liko wazi chini, upepo unaingia na kusukuma kutoka ndani huku mwingine unafyonza juu. Likinyanyuka linakunja na paa la chumbani kama mtu anavyofunua mkeka. Likate, lipe paa lake chini kidogo ya lile kubwa, na nguzo zake zishikwe kwenye zege. Ikitokea limeondoka, liondoke peke yake.

Mdau wa Magomeni, Mtwara: Fundi wangu anasema haya yote ni kumuongezea mwenye nyumba gharama, yeye anapaua miaka ishirini kwa misumari.

Muulize mapaa aliyopiga miaka ishirini iliyopita yako wapi, mwende mkayaone. Kama yapo na yamesimama, kuna jambo analijua, mwache afanye. Ila mwambie upande mmoja wa paa wewe unataka mikanda, na utasimama hapo wakati wa kufunga. Mimi mwenyewe niliwahi kupaua hivyo, mama mkwe ni shahidi.

Kaka wa Nachingwea: Wakati wa upepo mkali nifungue madirisha hewa ipite, au nifunge?

Funga, yote. Dirisha la upande wa upepo likifunguka, hewa inajaa ndani na kulisukuma paa kutoka chini, wakati juu linafyonzwa. Tena ziba na ile nafasi kati ya ukuta na bati, wengi mnaiacha wazi kwa ajili ya hewa. Weka wavu na ubao wa kufunga siku ya hatari. Matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa huwa yanatoka mapema, unapata muda wa kufunga.

Mama wa Ligula: Nyumba ya marehemu baba ina zile bati nene za kijivu za zamani, wanasema ni asbestosi. Vijana wanataka kuzivunja kwa nyundo.

Mama, wazuie leo hii. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na madhara huja baada ya miaka mingi. Zisivunjwe, zisikatwe, zisipigwe ufagio. Uliza halmashauri nani anaruhusiwa kuzitoa na zinazikwa wapi. Kama hazijapasuka, kukaa chini yake si hatari kama kuzivunja, kwa hiyo una muda wa kuuliza.

Dada wa Naliendele (tena): Fundi nimechimba. Nguzo mbili zimeliwa na mchwa.

Basi ndiko hela yako ilikokwenda, mwanangu. Badilisha hizo mbili kwanza, chagua mti mgumu, chini upake oili chafu mpaka ipite usawa wa udongo kwa shubiri moja, ushindilie kokoto. Waya utafuata. Nitumie picha ya kona ya upande wa bahari nione kenchi imekaaje.