Mkienda wengi mgahawa wa Kimexico, someni risiti kabla ya kuandika bakshishi

Kama uko Texas na mmepanga na marafiki kwenda kula kwenye mgahawa wa Kimexico, chakula hakitakusumbua. Itakayokusumbua ni bili. Naandika haya uchungu wa meza yetu ya watu wanane ukiwa haujaniisha.

Chakula chenyewe tulikifurahia mno. Fajita, yaani vipande vya nyama ya kuchoma, ililetwa juu ya bamba la chuma la moto, vitunguu na pilipili hoho bado vinachachatika, mvuke unatupiga usoni. Tortilla, zile chapati nyembamba za Kimexico, zimefunikwa kwa kitambaa zisipoe, parachichi limepondwa na ndimu, kila mtu anajipakulia na kumpitishia mwenzake. Kula hivyo, mikono yote mezani, kunamtuliza mtu aliye mbali na kwao. Sahani ni kubwa. Ukishindwa kumaliza, omba boksi ufungashe, hapa hakuna anayekucheka.

Sasa mtego. Meza ikiwa na watu wengi, mara nyingi kuanzia sita, mgahawa unaweza kukata bakshishi wenyewe, kwa kawaida asilimia 18. Taarifa hiyo huandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa ya menyu. Kwenye risiti inakaa katika mstari wa "gratuity" au "service charge". Halafu chini yake, karatasi hiyohiyo inakuachia nafasi tupu ya kuandika bakshishi nyingine!

Mhudumu wetu hakutuambia neno. Alileta kimashine cha kadi kikaonyesha 18, 20 na 22, na mwenzetu aliyekuwa anatulipia ili tumrudishie baadaye akabonyeza 20. Tazama hesabu. Chakula dola 200. Kodi ya mauzo asilimia 8.25, ambayo bei za menyu haziihesabu, dola 16.50. Bakshishi iliyokwisha kukatwa, dola 36. Jumla 252.50. Kimashine kikapiga asilimia 20 ya jumla hiyo yote, pamoja na kodi na bakshishi ya kwanza, kikaongeza dola 50.50. Tukatoka na dola 303 kwa chakula cha 200.

Kwa hiyo, kabla hujabonyeza chochote, omba risiti yenye mchanganuo. Ukiona bakshishi imeshakatwa, chora mstari kwenye nafasi tupu, andika jumla kwa mkono wako, na ubaki na nakala. Kama ni kimashine, chagua sifuri bila aibu. Narudia, bila aibu: umeshalipa.

Ila pale ambapo haijakatwa, toa. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijasogea tangu 1991, mradi bakshishi zimfikishe dola 7.25. Majimbo kama California yamekataa mpango huo, Texas inaufuata. Mimi naona ni dhuluma kwa nchi tajiri hivi kumtwisha mteja mshahara wa mfanyakazi, lakini kumnyima mhudumu hakutaibadilisha sheria. Asilimia 15 hadi 20 ya bei kabla ya kodi inatosha. Na ile iliyokatwa kwa lazima, kisheria ni mali ya mgahawa kwanza. Ukitaka kumwongezea aliyekuhudumia, mpe taslimu mkononi.

Suala la kugawana: mwambieni mhudumu kabla ya kuagiza kwamba mnataka bili tofauti. Wamarekani hugawana hadi senti na urafiki wao haupungui. Nimekuja kuiheshimu tabia hiyo, kwa sababu inamlinda mwenye kipato kidogo. Wajomba na mashangazi mnaokuja kututembelea, nawaomba kwa heshima zote: msimwambie mhudumu "weka yote pamoja" mkidhani mwenyeji wenu ana hela za kuchezea. Wala msiagize sahani ya pili ya kuonja tu. Kijana wenu hatawakatalia mbele za watu, atalipa, kisha mwezi mzima atabanwa na kodi ya nyumba.

Kwa wasiokula nguruwe: carnitas na al pastor mnazijua, zote ni nyama ya nguruwe. Wengi hawajui habari ya maharage ya kupondwa, ambayo kwa asili hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na tortilla za ngano hukandwa kwa mafuta hayohayo. Ipo migahawa inayotumia mafuta ya mimea, lakini usikisie; uliza kama kuna "manteca", yaani mafuta ya nguruwe, na kama mhudumu anasitasita, aende jikoni akaulize.

Mkiwa mmeshalipa bakshishi mara mbili, pigeni simu mgahawani siku hiyohiyo, mkaombe kuongea na meneja huku risiti iko mkononi. Malipo ya kadi huchukua siku kadhaa kukamilika, na kabla hayajakamilika meneja huweza kuirekebisha bakshishi. Benki iwe njia ya mwisho, maana kiasi hicho mlikithibitisha wenyewe na kukipinga ni kazi.