Jinsi ya kupiga hesabu ya nyumba Dar kabla hujamlipa dalali

Wiki mbili shemeji yangu alilala sebuleni kwetu Sinza. Amehamishwa kikazi kutoka Singida, ofisi yake iko Posta, katikati ya jiji, mkewe ni fundi cherehani, watoto watatu, na mfukoni alikuja na milioni moja na laki tisa. Kila jioni alirudi na nyumba mpya kichwani. "Shem, nimepata ya laki na nusu Goba." Kesho yake: "Shem, kuna ya laki tatu hapahapa Sinza." Ukimuuliza maji yakoje, anakuangalia kama umemuuliza jina la babu yake mwenye nyumba.

Mimi ni mtunza hesabu wa kikoba, mwaka wa sita huu. Wanaokuja kukopa kwa dharura katikati ya mwezi, wengi kodi waliipigia hesabu vizuri tu. Kinachowamaliza ni vile nyumba inavyowadai kila siku baada ya kuingia. Kwa hiyo Jumapili moja tulikaa mezani, tukaziweka Goba na Sinza kwenye karatasi moja. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Hatua ya 1: Nunua daftari

Daftari la kaunta, kwaya mbili, na kalamu ya kufunga kwa uzi. Najua kuna programu za simu za matumizi. Sizitaki. Simu ni ya mtu mmoja na ina nywila. Daftari linaning'inia kwenye msumari mlangoni kwa jikoni, hata mtoto wa darasa la nne akitumwa genge anaandika "nyanya 500". Nyumba ambayo baba peke yake ndiye anayeandika, hesabu yake ni ya uongo.

Hatua ya 2: Hesabu safari

Watu huandika "nauli: elfu hamsini" kwa kukadiria. Andika kila safari inayojirudia, anayekwenda, anakokwenda, mara ngapi kwa mwezi. Halafu ipande mwenyewe siku ya kazi saa kumi na mbili asubuhi, siyo Jumapili ukiwa na dalali kwenye bodaboda.

Tangu Desemba 2023 daladala ya umbali usiozidi kilomita 10 ni 600, mwanafunzi 200. Shemeji akitokea Sinza anapanda gari moja mpaka Posta: 1,200 kwenda na kurudi, kwa siku 26 ni 31,200. Akitokea ile nyumba ya Goba, ni boda ya 1,000 mpaka kituoni, daladala ya 700 mpaka Mawasiliano, nyingine ya 600 mpaka Posta. Hiyo ni 2,300 kwenda tu. Kwa siku 4,600, kwa mwezi 119,600.

Usimsahau mama. Mke wa shemeji hufuata vitambaa na nyuzi Kariakoo mara mbili kwa wiki, safari nane kwa mwezi. Kutoka Sinza 9,600, kutoka Goba 36,800. Shemeji alitaka kuiruka hii kwa sababu "hiyo ni ya biashara yake". Nikamuuliza biashara ikikosa nauli, nauli itatoka kwa nani.

Hatua ya 3: Mita ya umeme

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipoumia mwenyewe.

Mwaka 2019 nilipanga chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji wanne, mita moja. Mita ilikuwa koridoni, namba 5 na 8 zimefutika kwa kubonyezwa, ukiingiza tokeni ya tarakimu ishirini unapapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Tulichanga 15,000 kila kaya, kila mwezi, na umeme ukikatika kabla ya tarehe 20 tunachanga tena. Mimi nilikuwa na taa tatu, feni na pasi. Nikavumilia miezi saba. Usiku mmoja nikakusanya meseji zote za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kutoka simu za wapangaji wote, nikaketi nazo mpaka saa tisa alfajiri. Nilikuwa natafuta mwizi. Mwizi niliyemkuta hakuwa mtu.

Ni hivi. Mita ya nyumbani huwa kwenye tarifu, yaani daraja la bei, 4 au 1. Tarifu 4 ni ya mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi: uniti ni shilingi 100, na ukiongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (msimamizi wa nishati na maji) asilimia 1 inakuwa 122. Uniti zote 75 zinakugharimu 9,150. Tarifu 1 uniti ni 292, na makato hayohayo inafika 356. Yaani pasi ileile, shati lilelile, unalipa karibu mara tatu.

Kaya nne kwenye mita moja haziwezi kubaki chini ya uniti 75, hata wote wakiwa wachamungu. Mita inahamia tarifu 1 na inakaa huko. Kwa hiyo mwenye taa tatu analipia uniti ya bei kubwa kwa sababu ya kuishi na wenzake, kabla hata hujafika kwenye friza la jirani la aiskrimu za ubuyu, ambalo, ndiyo, lilikuwepo.

Kujua mita iko tarifu gani usimuulize dalali. Mwombe mpangaji anayehama, au mwenye nyumba, mnunue LUKU ya 5,000 palepale. Ikija kama uniti 14, ni tarifu 1. Ikija kama 41, ni tarifu 4. Tahadhari sasa, maana kipimo hiki kimenidanganya mara mbili:

Manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Ukipima tarehe moja utapata uniti pungufu na kuilaumu mita bure. Toa kwanza hiyo 1,500 ndipo ugawanye kwa bei ya uniti. (Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Ikitoka mfukoni mwako, iandike daftarini na mdai kwenye kodi ya pango. 18,000 kwa mwaka ni kilo kadhaa za nyama.)

Mita ikiwa na deni la nyuma, nalo linakatwa humohumo. Soma meseji yote, usiishie kwenye tokeni.

Na ukikuta tarifu 4, usishangilie sana. Uniti ya 76 na kuendelea inauzwa 350, yaani 427 na makato, ghali kuliko hata tarifu 1. Ukifika 70 mwezi haujaisha, pasi ipumzike. Ukizoea kupitiliza utahamishwa, na kurudi ni kwenda ofisi ya Tanesco kuomba, wao waangalie matumizi yako ya miezi iliyopita.

Mita ndogo za kila mpangaji, zile fundi anazofunga baada ya mita kubwa, zinamaliza ugomvi wa nani katumia nini. Tarifu hazibadilishi. Niliwahi kuzisifia kikobani kama dawa, wiki mbili baadaye mama mmoja akaja na risiti yake kuniuliza mbona bado analipa 356.

Nyumba ya Sinza ilikuwa mita ya watu watatu, tarifu 1. Goba ilikuwa na mita yake yenyewe, tarifu 4. Kwa uniti 60 za familia ya shemeji: Sinza 21,360, Goba 7,320.

Hatua ya 4: Maji

Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Familia ya watu watano inayofua na kuogesha watoto ihesabie madumu kumi kwa siku, ambayo ni uniti sita kwa mwezi.

Sinza bomba lipo, bili ya DAWASA inagawanywa, na kila kaya ilikuwa inatoa 12,000. Goba kwenye kile kiwanja bomba halijafika. Kuna jirani mwenye kisima anauza dumu 200. Madumu kumi kwa siku thelathini ni 60,000, na hapo bado hujamlipa wa kukubebea.

Kwenye bomba nako uliza kama kuna simtanki. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua, mgao ukaja, na sisi wa Sinza wenye mabomba mazuri ndio tuliokimbizana na maguta ya maji, kwa bei aliyojisikia mwenye guta.

Anayejua ukweli wa maji na wa mafuriko ni mama wa genge la karibu. Nunua mchicha, kisha uliza. Ukiwa upande wa Mto Ng'ombe, angalia na kuta: mstari wa tope ukikufika magotini, rangi mpya isikudanganye.

Hatua ya 5: Jumlisha

Sinza: kodi 300,000, nauli ya baba 31,200, ya mama 9,600, maji 12,000, umeme 21,360. Jumla 374,160.

Goba: kodi 150,000, nauli ya baba 119,600, ya mama 36,800, maji 60,000, umeme 7,320. Jumla 373,720.

Shemeji alirudia hesabu kwa kikokotoo cha simu mara tatu. Nyumba ya laki na nusu na nyumba ya laki tatu zilitofautiana shilingi 440. Bei ya pipi.

Na hiyo ni kwa familia hii. Mwenye kazi Mbezi, au mama asiyekwenda Kariakoo, anapata jibu jingine kabisa. Ndiyo maana usinakili tarakimu zangu.

Hatua ya 6: Chakula na moto

Chakula hakitofautiani sana kati ya nyumba mbili, kwa hiyo kihesabu mara moja. Nafaka Tandale, ndizi na matunda Mabibo, samaki Feri asubuhi. Kwa Mangi nenda kwa chumvi na kiberiti.

Wengi watakushauri ununue gunia zima la mchele. Mimi sishauri, hasa kwa anayehamia. Gunia linakula mtaji wako wa mwezi wa kwanza, linaita panya, na mchele ukionekana mwingi unapikwa mwingi. Nunua wa wiki.

Gesi: mtaani kwetu mtungi wa kilo 6 ni 24,000 na wa kilo 15 ni 57,000. Gawanya: 4,000 kwa kilo dhidi ya 3,800. Anza na mdogo. Maharage yaloweke usiku.

Hatua ya 7: Fungu la kuingilia

Nyumba mbili zikilingana kwa mwezi, swali linabaki moja: unaingiaje? Mwenye nyumba wa Sinza alitaka miezi sita, 1,800,000, na dalali mwezi mmoja, 300,000. Jumla 2,100,000. Wa Goba alikubali miezi mitatu: 450,000, na dalali 150,000. Jumla 600,000. Shemeji ana 1,900,000, na familia bado iko Singida na vitanda vyao.

Kabla ya kusema ndiyo, toa pembeni: nauli na gari la mizigo, mtungi na jiko, ndoo na madumu, sare na madaftari ya watoto. Ada shule za serikali imefutwa, lakini viatu havijafutwa. Kisha weka chakula cha mwezi mzima, maana mshahara wa uhamisho una tabia ya kuchelewa njiani.

Halafu siku ileile unayoingia, anza kuweka kodi inayofuata. Kwa nyumba ya laki na nusu ni 5,000 kila siku, ya laki tatu ni 10,000. Kila siku, siyo mwisho wa mwezi. Iandike daftarini juu kabisa, kabla ya nyanya. Usiiache kwenye simu; pesa ya simu inasikia njaa. Iende kikoba au akaunti isiyo na kadi. Miezi mitatu ina siku tisini tu, na mwenye nyumba anazijua zote.

Shemeji kachukua Goba. Familia ilishuka Jumamosi usiku. Jumatatu saa moja kasoro nilipata meseji: "Shem nimenunua LUKU ya 5,000 nimepata uniti 28.7. Ulisema 41. Nimeibiwa?"

Nikamuuliza leo tarehe ngapi.

"Mbili."

Kimya. Kisha: "Aa. Sawa shem."