Deni umelipa, ripoti ya mikopo bado inakudai? Mbane mkopeshaji

Ofisi ya taarifa za mikopo, inayotoa ripoti hiyo, huandika kile inacholetewa na mkopeshaji. Ukiibana ofisi peke yake, kosa lililofutwa linaweza kurudi mkopeshaji akituma tena kumbukumbu zake zilezile. Kwa hiyo lalamika kote kuwili, kwa maandishi. "Ripoti yangu ina makosa" haitoshi kabisa, maana hakuna cha kukagua hapo. Taja namba ya akaunti, mstari wenye kosa na unavyopaswa kusomeka: "Salio liwe 0, akaunti imefungwa." Ambatisha nakala za risiti na barua ya kumaliza deni, hati halisi baki nazo. Dai namba ya lalamiko. Wakisema wamesahihisha, chukua ripoti mpya, usome mstari uleule.