Kuuzunguka Avebury kwa miguu: anza na mashamba, mawe yaje mwisho

Wengi wanaofika Avebury hushuka kwenye basi, wakapiga picha na mawe mawili matatu, wakanywa chai, wakaondoka. Nikimsikia mwenzangu hapa Swindon akisema "nilishafika, ni mawe tu," huwa naumia, maana najua hakuonyeshwa. Kijiji hiki cha Wiltshire, kusini-magharibi mwa England, kimekaa ndani ya duara la mawe lililo kubwa kuliko yote duniani, na bado duara hilo ni sehemu ndogo tu ya habari yenyewe. Watu wa kale waliichimba ardhi hii, wakairundika na kuzika wafu wao humo kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kazi zao zimetawanyika mashambani pande zote. Mgeni wangu akija, nampitisha kwenye mzunguko wa kilomita 10 hadi 12, na mawe ya kijijini nayaweka mwisho kwa makusudi. Mtu aliyekwisha kuyaona mawe kama hayo yamelala porini jinsi yalivyoumbwa, akija kuyakuta yamesimamishwa, hahitaji kuelezwa sana.

Kabla ya njia yenyewe, tuliondoe jambo linalowarudisha nyuma wengi wetu: woga wa kuingia shamba la mtu. Unafika kwenye geti, ndani kuna ng'ombe, mbele kuna ngano imesimama, na moyo unakwambia hapa kuna mwenyewe. Ni kweli, kuna mwenyewe. Lakini England ina njia za umma zinazopita katikati ya mashamba ya watu binafsi, nyingi za tangu zamani sana, na haki ya kuzipita inalindwa na sheria. Mkulima haruhusiwi kuifunga njia hiyo. Hata akilima shamba ambalo njia inakatiza katikati, anatakiwa airudishe ipitike ndani ya siku 14, na iwe na upana usiopungua mita moja kwa njia ya miguu. Kwa hiyo ukiona ukanda mwembamba umeachwa wazi katikati ya ngano, umeachwa kwa ajili yako. Pita, tena pita umesimama wima, huna haja ya kunyatia.

Alama ziko kwenye nguzo za mageti: duara dogo la plastiki lenye mshale. Mshale wa njano ni njia ya waendao kwa miguu tu. Wa bluu ni njia ambayo farasi na baiskeli pia wanaruhusiwa. Wa zambarau unaongeza mikokoteni ya farasi, na mwekundu unaruhusu hata magari, kwa hiyo kwenye mwekundu usishangae kusikia injini nyuma yako. Mshale unaonyesha uelekeo halisi, si "huko mbele kwa jumla". Simama nyuma yake, tazama unakoelekea, tafuta geti au ngazi ya kuvukia ua upande wa pili, kisha nenda moja kwa moja. Geti uliache kama ulivyolikuta: lililofungwa lifunge, lililoachwa wazi liache wazi, kwa sababu huenda kondoo wanahitaji kufika kwenye maji.

Nunua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ile ya mfululizo wa Explorer namba 157, Marlborough na Savernake Forest. Kila sentimita 4 ni kilomita moja, na njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani: vifupi ni vya miguu, virefu ni vya farasi. Simu inasaidia, lakini mabondeni mtandao hukatika, na skrini haikuonyeshi bonde zima kwa mara moja. Makaburi ya kale na ngome za kale zimeandikwa kwa herufi za mtindo wa zamani. Ukishazizoea, jioni moja ya kuikodolea macho ramani hiyo mezani ni raha tosha.

Kuhusu ng'ombe, hili usilipuuze. Ng'ombe wenye ndama wazungukie kwa mbali, usipite katikati ya mama na mtoto, na usikimbie. Kama una mbwa na ng'ombe wakaanza kumfuata, mwachie kamba. Mbwa atajiokoa, na wao watamfuata yeye, si wewe. Kondoo hawana neno.

Vaa mabuti yenye kukanyagia vizuri. Ardhi ya huku ni chaki, na chaki ikilowa huteleza vibaya, tena hushikamana na soli mpaka mguu unakuwa mzito. Beba koti la mvua hata kama asubuhi kumekucha kweupe, na vaa suruali ndefu kiangazi, maana kandokando ya njia kuna majani yanayowasha. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo anza mapema. Mwezi wa Juni una mwanga mpaka baada ya saa tatu usiku, na huo ndio msimu ninaoupenda mimi.

Kutoka London, panda treni Paddington hadi Swindon, mwendo wa kama saa moja. Pale Swindon kuna basi namba 49 linaloelekea Devizes, nalo linakushusha Avebury katikati kabisa, karibu na baa ya Red Lion. Ukishuka, mawe yatakuita. Yape mgongo. Nenda kwenye maegesho makubwa ya magari kusini mwa kijiji, vuka barabara, na ufuate njia inayokwenda kusini kandokando ya kijito.

Baada ya muda mfupi utaona kilima kisichofanana na vilima vingine, kimechongeka pande zote na juu ni bapa. Hiyo ni Silbury Hill, na kilima chote ni kazi ya mikono ya watu. Kilirundikwa kwa chaki karibu miaka 2400 kabla ya Kristo, kina urefu wa zaidi ya mita 30, na barani Ulaya hakuna kilima kingine cha kale kilichojengwa na watu kinachokizidi. Wachimbaji walitoboa shimo kutoka kileleni hadi chini mwaka 1776 wakitafuta kaburi, wasilikute. Shimo hilo halikuzibwa ipasavyo, na mwaka 2000 kilele kikadidimia. Matengenezo makubwa yalikuja kufanyika 2007 na 2008. Ndiyo maana kupanda hairuhusiwi. Utawaona watu wakipanda, usiwafuate. Kilima hiki kinapendeza zaidi ukikitazama kutoka chini, hasa majira ya baridi maji yanapojaa kukizunguka.

Vuka barabara ya A4 kwa uangalifu, magari hapo yanakimbia, kisha fuata njia inayovuka mto Kennet na kupanda mlima. Juu kabisa kuna tuta refu la majani, kama mita 100, na mwisho wake wa mashariki umezibwa kwa mawe makubwa. Ni West Kennet Long Barrow, kaburi lililojengwa karibu miaka 3650 kabla ya Kristo. Pita nyuma ya lile jiwe kubwa la katikati, inama kidogo, ingia. Kuna vyumba vitano: viwili kila upande na kimoja mwisho. Humo ilipatikana mifupa ya watu wasiopungua 36, wazee kwa watoto. Huna haja ya tiketi wala mlinzi wa kukufungulia mlango.

Hapa usiwe na haraka. Subiri macho yazoee giza, kisha mulika tochi kwenye mawe ya ukutani, taratibu, kwa ubavu. Utaona jinsi mapengo kati ya mawe makubwa yalivyojazwa kwa vijiwe bapa vilivyopangwa kwa mkono, kimoja juu ya kingine. Gusa kwa kiganja: baridi, na mahali pengine palaini. Utakuta watu wameacha maua, pengine shada la ngano. Mishumaa ndiyo isiyofaa, kwani moto hupasua mawe na moshi huyatia weusi. Ukikuta wengine wamekaa kimya ndani, ngoja nje mpaka watoke. Kwa baadhi yao hapa ni mahali pa ibada, na kaburi ni kaburi hata likiwa la miaka elfu tano.

Teremka, kisha shika njia ya mashariki hadi kijiji cha East Kennett. Kutoka hapo unapanda tena hadi Overton Hill, penye mahali paitwapo The Sanctuary. Utaona vinguzo na vipande vya saruji vimepangwa kwa miduara, basi. Palikuwa na nguzo za miti na mawe. Mawe yalivunjwa na kuondolewa katika miaka ya 1720, na mahali pakasahaulika mpaka mtafiti Maud Cunnington alipopagundua tena mwaka 1930 kwa kufuata maandishi na michoro ya William Stukeley, mtafiti wa mambo ya kale wa karne ya 18.

Ukivuka A4 hapo Overton Hill, unakanyaga mwanzo wa Ridgeway, njia ya kitaifa ya kilomita 139 inayoishia Ivinghoe Beacon huko Buckinghamshire. Wewe utaionja kidogo tu, ukielekea kaskazini, upepo ukikupiga na upeo ukiwa wazi pande zote. Upande wa kulia, Overton Down na Fyfield Down, ndiko yalikolala mawe niliyoyasema mwanzo. Kwa mbali utadhani ni kundi la kondoo waliojilaza. Ni mawe ya saseni, magumu ajabu, na hakuna aliyeyachonga wala kuyasimamisha. Jiwe moja kule Overton Down lina mifereji laini sambamba, na pembeni yake kibonde kama sahani: ndipo walipokuwa wakisugua shoka za mawe mpaka zing'ae. Linahitaji ramani na subira kulipata. Ukilipata, pitisha kidole ndani ya mfereji; ukingo wake bado ni laini kabisa.

Njia ya Green Street inapokatisha Ridgeway, geuka kushoto uteremke nayo hadi Avebury. Sasa unaingia kwenye duara kwa upande wa mashariki, ukipita kwenye boma la udongo na handaki. Handaki hilo lilichimbwa kwa pembe za paa, na lilipokuwa jipya lilikuwa na kina kama mita 9, kuta nyeupe pe za chaki. Tembea duara lote. Kuyagusa mawe ni ruhusa, kuingia kwenye duara ni bure, na kondoo watakuwa wanalisha humohumo.

Vile vinguzo vya saruji utakavyoona vinaonyesha yalipokuwa mawe yaliyopotea. Stukeley aliwashuhudia wanakijiji wakiyavunja: wanachimba shimo, wanawasha majani makavu chini ya jiwe mpaka linapata moto, wanamwaga maji baridi, kisha wanapiga nyundo. Vipande vilijenga nyumba. Tazama kuta za kijiji na utavitambua. Mengine yalizikwa zamani zaidi. Mwaka 1938 Alexander Keiller, tajiri wa ukoo wa watengenezaji wa mamaledi, alipoinua jiwe moja lililoanguka alikuta chini yake mifupa ya mwanamume wa karne ya 14, akiwa na mkasi na sarafu. Mawe mengi unayoyaona leo yamesimama kwa sababu Keiller aliyafukua na kuyasimamisha tena. Ila kwa ajili hiyo nyumba kadhaa za wanakijiji zilibomolewa, na mimi sioni haki kumsifu bila kulitaja hilo.

Kanisa la St James usilipite. Ukumbi wake una kuta za kabla ya Wanormani kuiteka England mwaka 1066, na jukwaa la mbao la kubebea msalaba (rood loft) lililofichwa nyuma ya ukuta wakati wa Matengenezo ya Kanisa (Reformation) ya karne ya 16, likaonekana tena mwaka 1810. Kama miguu bado ina nguvu, toka upande wa kusini mashariki wa duara ukaione West Kennet Avenue, safu mbili za mawe zinazoshuka bondeni. Nenda mbali unavyoweza, kisha rudi.

Angalia saa ya basi la mwisho kabla hujatoka nyumbani, hasa Jumapili. Na ukiwa na siku nyingine, basi hilohilo namba 49 litakupeleka Devizes, kwenye Wiltshire Museum, ambako utaona vyombo na vifaa vilivyotoka ndani ya kaburi uliloliingia.